Mshono Umefunga, Kifundo Bado: Miezi Mirefu Baada ya Operesheni ya Kano za Mguu

Mtu aliyefanyiwa operesheni ya kifundo cha mguu Mombasa akarudi kwao Lamu hafiki mbali kabla ya kuulizwa. Barazani Langoni wataanza, mwenye duka ataendeleza, na akiingia nyumbani shangazi atamalizia: "Kwani mguu huo bado tu?" Wiki ya tatu swali hilo lina huruma. Mwezi wa nne lina shaka ndani yake, kwamba ama daktari alikosea ama mgonjwa anajidekeza. Mgonjwa mwenyewe naye huanza kuyaamini hayo, kwa kuwa mshono ulifunga zamani, buti la hospitali la kukinga kifundo liko juu ya kabati, na anatembea hadi Mkunguni bila gongo.

Kinachochanganya watu ni kwamba ndani ya kifundo kimoja kuna vitu kadhaa vinavyopona kwa mwendo tofauti. Ngozi hufunga kwa wiki 2 hivi. Kutembea kwa kawaida hurudi baada ya miezi 2 au 3. Kano iliyoshonwa huendelea kukomaa hadi mwaka na kupita. Halafu kuna misuli, na kuna ule uwezo wa mwili kujua mguu umekaa vipi bila kuutazama. Hivi viwili haviji kwa kusubiri. Usipovifanyisha kazi havirudi, hata ukikaa miaka miwili. Kwa maoni yangu hapa ndipo operesheni nyingi zilizofanywa vizuri huja kuharibikia, na ndipo maelezo ya hospitali huwa machache kuliko mahali pengine popote.

Tuanze na kilichokatika. Upande wa nje wa kifundo kuna kano tatu. Zinaufunga ule mfupa mwembamba wa mguu wenye kinundu kinachojitokeza nje na mifupa iliyo chini yake. Kano ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo hukatika kwanza: mguu ukishuka vidole vikiwa vimeelekea chini na wayo umegeukia ndani, uzito wote wa mwili unaiangukia hiyo. Ya kati, inayoshuka hadi mfupa wa kisigino, huumia ajali ikiwa kubwa zaidi. Ya nyuma huguswa kwa nadra.

Wengi wanaoteguka hupona kwa bandeji, mapumziko na mazoezi. Lakini wako ambao kano yao huungana ikiwa ndefu kuliko ilivyokuwa, na hapo huanza maisha ya mguu kwenda upande kila mara: kwenye kokoto, kwenye ngazi, hata kwenye sakafu kavu isiyo na kitu. Hata hao hawakimbizwi kwenye kisu. Kwa kawaida hupewa mazoezi ya miezi 3 hadi 6 kwanza, kwa sababu kuna vifundo vinavyoyumba ilhali kano si mbaya hivyo. Kasoro iko kwenye misuli na mawasiliano yake na ubongo. Jambo hili daktari Freeman na wenzake waliliandika Uingereza tangu mwaka 1965, na bado kuna wagonjwa wanaofika kwenye chumba cha upasuaji bila kuwahi kufundishwa kusimama kwa mguu mmoja.

Operesheni yenyewe si ya aina moja, na hili linahusu moja kwa moja muda wa kupona. Iliyozoeleka zaidi inatokana na kazi ya daktari wa Uswidi, Lennart Broström, aliyeonyesha mwaka 1966 kwamba kano iliyolegea inaweza kufupishwa na kushonwa upya mahali pake, hata miaka ikiwa imepita tangu iumie. Mwaka 1980, Gould na wenzake Marekani wakaongeza hatua: utando mgumu wa nyuzi ulio mbele ya kifundo unavutwa na kushonewa juu ya kano ili kuipa nguvu. Siku hizi wapasuaji wengi huzamisha ndani ya mfupa vijipini vyenye nyuzi, ambavyo wao wenyewe huviita nanga. Wengine huongeza utepe imara wa kuilinda kano wakati inapokomaa. Na mgonjwa ambaye kano zake zimeisha kabisa, au aliyeshonwa mara ya kwanza ikashindikana, hutengenezewa kano mpya kwa kipande kilichotolewa nyuma ya paja lake, au kwa kile cha mtu aliyefariki, mahali ambapo huduma hiyo ipo.

Zamani zaidi wapasuaji walichukua kano ya msuli wa upande wa nje wa mguu wakaizungusha kwenye mifupa ili ifunge kifundo. Kifundo kilifungika kweli, hata kupita kiasi; wengi walibaki na mguu mgumu, tena wamepunguziwa msuli uleule ambao kazi yake ni kuukinga mguu usipinduke. Ndiyo maana njia hizo zimeachwa kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo ukisikia binamu yako wa Malindi aliachia gongo wiki ya pili na wewe uko wiki ya tano hujaruhusiwa kukanyaga, usidhani umechelewa. Huenda yeye alitiwa utepe na wewe hukutiwa. Huenda gegedu lako, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, lilichimbika likatibiwa siku hiyohiyo, na gegedu lina ratiba yake. Iombe ile karatasi ya operesheni, mpe fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, aisome. Ni haki yako, na fizio anayefanya kazi bila kuiona anabahatisha.

Mwendo wa kawaida ni huu. Wiki 2 za kwanza ni za kulala na mguu juu, juu zaidi ya kifua, si juu ya kistuli tu. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kuanzia hapo hadi wiki ya 6 mgonjwa huwa ndani ya buti. Madaktari wengine humruhusu kukanyaga mapema, wengine humzuia hadi wiki ya 6. Kupeleka wayo juu na chini kidogokidogo huanza ndani ya muda huu, lakini kuugeuzia ndani hakuguswi. Baada ya wiki ya 6 buti hutoka, hufungwa kishikizo cha kifundo, yaani kifaa cha kukishika kisipinduke, na mazoezi hasa huanza. Kukimbia taratibu kwenye mstari ulionyooka huja karibu na mwezi wa 3 au wa 4. Mpira, kuruka na kugeuka ghafla, mwezi wa 4 hadi wa 6, na wengine zaidi ya hapo.

Tarehe hizo ni za kukadiria. Mwezi wa 4 ni mwezi ambao mtu anaweza kuanza kukimbia akiwa ametimiza masharti. Asiyeyatimiza, kwake mwezi wa 4 haujafika.

Kinachoendelea ndani

Siku za mwanzo damu na uvimbe hujaa kwenye jeraha, na hiyo ni kazi ya mwili, ingawa inauma. Wiki zinazofuata mwili hutengeneza nyuzi mpya kwa haraka. Nyuzi hizi ni nyembamba na zimelala kila upande, kama mwani uliotupwa ufukoni na bamvua. Baada ya hapo, kwa miezi mingi, mwili huziondoa na kuweka nyingine nene zaidi, zinazojipanga kufuata upande ambao kano inavutwa. Kano isiyovutwa kabisa haijui ijipange kuelekea wapi. Inayovutwa mno mapema hurefuka.

Na inaporefuka haiumi. Hili ningependa kila mgonjwa alijue kabla hajatoka hospitali. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 maumivu mengi yamekwisha, uvimbe umeshuka, mgonjwa anajisikia mzima, na kano bado ni changa. Anayesubiri maumivu yamwambie asimame hatasimama kwa wakati. Anaweza kuilegeza kazi nzima ya daktari polepole, bila kusikia chochote, na akagundua mwaka ujao mguu umerudia tabia yake.

Hapo ndipo mambo ya Lamu yanapoingia, kwa kuwa karatasi za mazoezi nyingi zimeandikwa kwa mtu anayeishi kwenye nyumba tambarare na kwenda kazini kwa gari.

Chukua swala. Katika kikao cha tahiyatu mguu wa kushoto hulazwa, mgongo wake chini, na mtu hukalia juu yake; katika kikao cha mwisho huupitisha chini ya mguu wa kulia. Tazama kifundo kilivyo hapo: vidole vimeelekea nyuma, wayo umegeukia ndani, uzito wa mwili uko juu. Ni mkao uleule uliokata kano. Aliyeshonwa mguu wa kushoto ana shughuli kubwa hapa kuliko aliyeshonwa wa kulia, ambao husimamishwa kwa vidole. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali ameketi, kwa hiyo kiti si aibu, na shekhe wa msikiti wako hatakwambia tofauti. Tatizo ni kwamba wengi hukitumia kiti wakiwa na buti, kisha siku buti linapotoka hurudi sakafuni kwa furaha. Endelea na kiti. Mwambie fizio wazi kwamba unataka kurudi kukaa tahiyatu, naye atakupandisha kwa hatua: kwanza mto mnene chini ya makalio, halafu mwembamba, halafu jamvi tupu, kwa miezi. Choo cha kuchuchumaa nacho kina yake: kinahitaji kifundo kikunje mbele vizuri, na mkunjo huo ndio wa kwanza kupotea ndani ya buti. Usipoupata, mwili utainua kisigino au utapinda kando.

Ngazi za nyumba za mawe zina vipandio virefu visivyolingana. Kupanda, tangulia na mguu mzima. Kushuka, tangulia na ule ulioshonwa, mkono ukutani. Gatini ni kugumu zaidi. Maji yakipwa, vipandio vya chini vina utelezi, na mashua inacheza wakati wewe una mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kwa miezi 3 ya kwanza mngoje nahodha aisogeze mashua ilale kando kabisa, shikwa mkono, na uuweke kwanza kwenye kipandio ule mguu mzima. Vijana huona haya kushikwa. Wazee wa pwani hushikwa kila siku na hawafi kwa haya.

Mchanga nao una mambo yake. Watu husema kutembea ufukoni ni dawa, na ni kweli ikiwa wakati wake umefika. Mchanga mkavu uliolegea ni mtihani mgumu kuliko barabara. Uache hadi mwezi wa 4 au wa 5. Anza kwenye mchanga mbichi, mgumu, maji yakiwa yamepwa. Lakini angalia ufuo ulivyoinama kuelekea baharini: mguu ulio upande wa maji hukanyaga ukingo wa nje ukiwa chini, yaani wayo unageukia ndani kila hatua. Ukitembea kutoka mjini kwenda Shela, takriban kilomita 3, ukaendelea na ufuo wake, hizo ni hatua maelfu za kuivuta kano ileile. Mguu ulioshonwa uwe upande wa nchi kavu. Na kwa kuwa ukirudi utakuwa upande wa maji, rudi kupitia pale palipo tambarare, au fanya safari fupi za kwenda tu na urudi kwa mashua. Kuogelea ni kuzuri sana jeraha likishafunga kabisa, ila mateke ya chura yaache kwanza.

Kwa wa Malindi anayeendesha bodaboda, hesabu ni nyingine. Breki ya nyuma iko mguu wa kulia, gia ziko wa kushoto, na ukisimama kwenye mchanga mguu unaoutua ndio unaobeba wewe, pikipiki na abiria. Kutembea vizuri hakutoshi kuwa kipimo cha kurudi kazini. Muulize daktari wako kwa kutaja kazi hiyo, usiulize tu "nimepona?"

Viatu: kandambili na makubadhi havishiki kisigino. Kiatu cha kufunga kamba, au angalau sandali yenye mkanda wa nyuma, hadi nusu mwaka. Najua joto letu. Hata hivyo.

Na kuchuliwa. Wachuaji wetu wana mikono mizuri, na kovu likishafunga, kulisugua kwa mafuta huzuia ngozi isigande. Ila ule mtindo wa kukamata wayo na kuuzungusha ndani "urudi mahali pake" usikubali. Kano iliyoshonwa haina mahali pa kurudi. Iko mahali pake.

Mguu kujifunza upya

Nimewahi kukaa kwenye chumba cha fizio nikitazama kijana wa mashua aliyekuwa mwezi wa tatu. Alikuwa ameingia akitembea bila kuchechemea hata kidogo.

"Simama kwa mguu mmoja, mwanangu," fizio akamwambia. "Si huo mzima. Huo mwingine."

Akasimama, mikono kiunoni, akitabasamu.

"Haya, fumba macho."

Akafumba. Kano za mgongo wa mguu zikaanza kucheza chini ya ngozi, vidole vikang'ang'ania sakafu, kifundo kikaenda huku na huku, na kabla hajavuta pumzi ya pili alikuwa ameshika kitanda kwa mikono miwili.

"Si nilishonwa, mama?"

"Umeshonwa vizuri sana. Misuli ya kuisaidia hiyo kano ndiyo ililala wiki sita ndani ya buti."

Ndani ya kano, misuli na ngozi kuna vipokezi vya mishipa ya fahamu vinavyouambia ubongo kiungo kimekaa vipi. Kano ikikatika, taarifa huharibika. Mguu ukikaa ndani ya buti, hudhoofika zaidi. Misuli ya nje ya mguu ndiyo inayopaswa kuuvuta mguu unapoanza kupinduka, nayo ikichelewa hata kidogo, mzigo unaangukia kwenye kano. Operesheni haikugusa lolote kati ya haya. Kinachoyarudisha ni kusimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, kisha macho yakiwa yamefumbwa karibu na ukuta, kisha juu ya mto, kisha ukidaka mpira. Na kuvuta ukanda wa mpira wa mazoezi kwa kupeleka wayo nje, tena na tena, hadi uchoke. Kazi yenyewe inachosha kwa sababu haina msisimko. Watu huacha wiki ya 10.

Vipimo unaweza kuvifanya nyumbani, ukilinganisha mguu na mguu. Weka wayo sakafuni ukielekea ukuta, piga goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka, halafu rudisha mguu nyuma kidogokidogo hadi goti linapokoma kufika. Pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Tofauti ya zaidi ya sentimita 2 kati ya miguu ina maana mkunjo haujarudi. Halafu panda kwa ncha ya mguu mmoja, goti likiwa limenyooka, kidole kimoja tu kikigusa ukuta. Mtu mzima mwenye afya hufikisha mara 20 hadi 25. Wengi waliotoka kwenye buti hushangaa hawawezi mara 5. Pima shavu la mguu kwa futi ya fundi cherehani na utaona sababu. Anayetaka kurudi uwanjani aweze pia kuruka kwa mguu mmoja na kutua kimya, mguu usiyumbe, karibu sawa na ule mwingine.

Kipi cha kawaida, kipi si cha kawaida

Uvimbe wa jioni ni wa kawaida hadi miezi 6, kwa wengine mwaka. Ugumu wa asubuhi kwa hatua chache pia. Ganzi kwenye mgongo wa mguu au pembeni hutokea kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu hupita palepale anapokata daktari. Mara nyingi hupungua kwa miezi, wakati mwingine sehemu ndogo hubaki. Kifundo kuwa kigumu kidogo kuliko kile kingine si hasara, kilikuwa kimelegea.

Shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, au ukibanwa kifua na kukosa pumzi, usingoje asubuhi. Damu huweza kuganda kwenye mshipa wa mguu usiotembezwa, na safari ya basi kutoka Mombasa kupitia Malindi na Garsen hadi Mokowe, mguu ukining'inia, si mahali pa kumpeleka mtu siku ya tatu bila kumuuliza daktari kwanza. Usaha, homa, au jeraha linalofunguka ni la kurudishwa haraka. Wenye kisukari na wavutaji sigara wajiangalie mara mbili, kwa kuwa vidonda vyao hufunga polepole. Mguu unaowaka moto, unaobadilika rangi na usiotaka hata shuka kuugusa, usiupe wiki nyingi za uvumilivu.

Kuna kundi jingine: wale ambao kano imeshika, mguu haupinduki, lakini maumivu ya ndani hayaishi mwezi wa 8 au wa 9. Hapo tatizo mara nyingi si kano. Gegedu huenda lilichimbika mguu ulipoteguka zamani, kano ya msuli wa nje huenda imechanika kwa urefu wake, au kisigino kimeinamia ndani kwa maumbile na kila hatua kinaivuta kazi mpya. Hili la kisigino ni vyema kutazamwa kabla ya operesheni. Simama mgeuzie mtu mgongo, aone visigino vyako. Wenye viungo laini sana, wanaoweza kukunja kidole gumba cha mkono hadi kiguse kigasha, yaani mkono chini ya kiwiko, nao huwa hatarini zaidi kano kulegea tena, na daktari akijua hilo mapema huweza kuchagua njia nyingine.

Zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 wanaoshonwa kwa njia ya Broström huridhika na matokeo. Lakini kuteleza mara moja katika mwaka wa kwanza ni jambo la kutarajia, na watu wengi huchanganyikiwa siku hiyo, wakadhani kila kitu kimekatika. Mguu ukipinduka, keti, uinue, upoze kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Ukiweza kukanyaga kesho yake na uvimbe ni mdogo, rudi kwenye kishikizo na mazoezi ya mwanzo kwa wiki moja au mbili. Ukisikia mlio, ukiona weusi umeenea chini ya kinundu, au huwezi kupiga hatua 4, nenda ukapigwe picha. Na kwa msimu mzima wa kwanza wa mpira cheza na kishikizo, hata kama wenzako wanakucheka.